Namna ya kusoma hesabu ya eosinofili unaposhuku minyoo

Unapopokea majibu ya kipimo cha picha nzima ya damu, anza na jumla ya seli nyeupe, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita, kisha utafute mstari wa eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe. Mnyoo ni mkubwa mno kumezwa na seli moja. Kwa hiyo eosinofili humzingira kwa wingi, zikajibandika kwenye ngozi yake iliyokwisha kushikwa na kingamwili, na kummwagia protini zenye sumu.

Asilimia peke yake hudanganya. Zidisha jumla ya seli nyeupe kwa asilimia ya eosinofili, kisha ugawe kwa 100: mwenye seli 8,000 na eosinofili asilimia 10 ana 800, ilhali mwenye seli 4,000 na asilimia hiyo hiyo ana 400 tu. Kinachozidi 500 ndicho huhesabiwa kuwa kimepanda.

Ikiwa idadi imepanda, jiulize mnyoo anaweza kuwa wapi mwilini. Eosinofili huongezeka hasa minyoo wanapopenya tishu au kusafiri ndani yake, kama wale wa kichocho, au lava (minyoo wachanga) wa safura wanaopitia mapafuni kabla ya kufika utumbini. Tegu aliyetulia utumbini huenda asizipandishe kabisa. Malaria, amiba na giardia, ambazo hutokana na vijidudu vya seli moja na si minyoo, nazo kwa kawaida hazizipandishi, jambo ambalo wengi hulisahau. Pumu, mzio na baadhi ya dawa huzipandisha pasipo mnyoo yeyote, hivyo mtajie daktari kila dawa unayotumia.

Hatua inayofuata ni kupima choo, tena kwa sampuli za siku tofauti, kwa sababu mayai hayatoki kwa kiwango kilekile kila siku, na katika maambukizi mapya eosinofili zinaweza kutangulia kupanda wiki kadhaa kabla yai la kwanza halijaonekana. Kwa kichocho cha kibofu, mkojo ukusanywe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Anayetumia dawa za steroidi (za kupunguza uvimbe na mzio) asitulizwe na hesabu ndogo, maana dawa hizo hushusha eosinofili huku minyoo wakibaki. Baada ya tiba, usiharakishe kurudia kipimo: minyoo wanapokufa, hesabu inaweza kupanda kwa muda kabla ya kuanza kushuka.