Kukuza Yungiyungi la Amazoni Chini ya Miti: Maua Meupe ya Kivulini Yenye Harufu Nzuri

Sehemu ya kiwanja iliyo chini ya mwembe, mparachichi au mfenesi ndiyo huachwa tupu katika nyumba nyingi za Kampala, Mukono na Jinja. Nyasi hazishiki pale kwa kukosa jua, na ufagio wa kila asubuhi huondoa majani yaliyoanguka pamoja na udongo wa juu, hadi mizizi ya mti ikatokeza nje. Mahali hapo hapo panaweza kufunikwa na mimea ya kudumu yenye majani mapana, itakayotoa maua meupe yanayonukia mvua zinaporudi, mradi mwenye bustani achague mmea unaopatana na hali ya hewa yetu na ajue ni wakati gani wa kuunyima maji.

Wapenda bustani waliosoma vitabu vya Ulaya hutamani nyinyoro ya bondeni, ile yenye maua madogo meupe mfano wa kengele, ambayo Wafaransa hupeana kila tarehe 1 Mei. Mmea huo hutandaa vizuri chini ya miti ya huko, lakini hautoi maua ya maana bila kupitia wiki nyingi za baridi kali, ambapo hulala ardhini mpaka uamshwe na joto. Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, haipati baridi ya namna hiyo mwezi wowote, na hata Kabale, pamoja na ukungu na masweta yake, haifikii. Kuagiza mizizi yake kwa bei kubwa ni kutupa pesa, kwa maana utapata majani kwa muda, kisha mmea utadhoofika na kupotea.

Kwetu mimea haiamshwi na joto baada ya baridi, bali huamshwa na mvua baada ya kiangazi. Katika maeneo ya kati na kusini mwa Uganda mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, na kati ya misimu hiyo ardhi hukauka. Aliyewahi kuona lile ua jekundu la mviringo, lenye nyuzi nyingi kama mpira wa miiba, likitokeza vichakani mara tu baada ya mvua za kwanza za Machi, ameshaona utaratibu huo ukifanya kazi. Ua hilo la porini halina harufu. Yungiyungi la Amazoni, ambalo wataalamu wa mimea huliita Eucharis, ni la ukoo huo huo, hufuata mwendo unaokaribiana na huo, na harufu yake ni tamu yenye dokezo la limau.

Asili yake ni misitu ya magharibi mwa Amazoni, katika nchi kama Kolombia, Ekuador na Peru, ambako huota chini ya miti mirefu kwenye udongo uliojaa majani yaliyooza. Kila jani husimama juu ya kikonyo chake, na bapa lake linalong'aa hufikia urefu wa sentimita 30 au zaidi na upana wa takriban nusu ya hapo. Bua la maua hupanda hadi sentimita 60 hivi, na juu yake hufunguka maua matatu hadi sita, wakati mwingine zaidi, yote yakiinamisha vichwa. Ukiliinua ua moja kwa kidole utaona petali sita nyeupe, na katikati kikombe kidogo chenye rangi ya kijani hafifu, ambacho kingo zake zimeshika vijiti vya chavua.

Kabla ya kununua, hakikisha unachouziwa ndicho unachokitaka. Katika vitalu vilivyo kando ya barabara jina la lili hupewa mimea mingi, na ukiomba lili nyeupe ya kivulini utapewa mara nyingi mmea mwingine wa ndani ya nyumba, ambao ua lake ni bapa moja jeupe lililozunguka kijiti kilichosimama. Huo nao hustahimili kivuli, lakini si tunaouzungumzia hapa. Usitegemee majani pekee, kwa kuwa mimea hii miwili hufanana kwa mbali. Fukua udongo kidogo kwa kidole kwenye shingo ya mmea ndani ya mfuko wake: yungiyungi la Amazoni lina tunguu lililovikwa maganda ya kahawia, huku mwenzake akiwa na mizizi na shina fupi tu. Chagua mfuko wenye matunguu kadhaa yaliyosongamana, hata kama majani yake yamechubuka, badala ya mfuko wenye tunguu moja lenye jani zuri.

Kivuli kinachofaa ni kile kinachochujwa na majani, ambapo vipande vya mwanga hupita ardhini siku nzima bila jua kali kukaa mahali pamoja. Jua la saa saba mchana likipiga moja kwa moja, majani hubabuka na kuwa na mabaka meupe yasiyopona. Giza la kudumu, kama lile la nyuma ya ukuta wenye mwembe uliofungamana, hutoa majani mengi na maua haba, na hapo inafaa kukata matawi machache ya chini. Mti wa mutuba, ule ambao gome lake hutengenezwa nguo za asili, na mparachichi mkubwa hutoa kivuli kizuri. Mfenesi pia unafaa, isipokuwa usipande moja kwa moja chini ya shina lake linalobeba matunda, kwa sababu fenesi moja likianguka huacha shimo katikati ya kitalu na bua la maua lililovunjika. Chini ya mikaratusi sishauri kabisa: mizizi yake hunywa maji yote, na utakuwa ukimwagilia mti badala ya maua.

Ukishachagua mahali, anza kutayarisha udongo mwezi mmoja kabla ya mvua, nao ndio msingi wa kazi yote. Udongo mwekundu wa mfinyanzi unaopatikana kwenye vilima vingi vya Buganda hushikamana ukilowa na kupasuka ukikauka, na tunguu likikaa ndani ya maji yaliyotuama huoza kuanzia chini. Usilime kwa jembe karibu na shina la mti, kwani utakata mizizi myembamba inayoulisha. Ondoka angalau mita moja kutoka shinani, tifua kwa uma au kwa mkono katikati ya mizizi mikubwa, kisha changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu mbili za mboji ya majani, sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga mnene. Mchanganyiko huo uinue juu ya ardhi ya kawaida kwa sentimita kumi hivi, na uzungushie mawe ili mvua isiubebe. Usirundike udongo kulizunguka shina lenyewe, kwa kuwa gome lililofukiwa huoza na mti wote unaweza kufa.

Panda matunguu mvua za kwanza zinapokuwa zimelowesha ardhi. Kila tunguu likae wima, shingo yake ikiwa sawa na uso wa udongo au ikichungulia kidogo, na umbali kati ya moja na jingine uwe sentimita 15 hadi 20. Wengi huyatawanya mbali wakidhani yanahitaji nafasi, na hilo huchelewesha maua, kwa maana mmea huu hupenda kubanana na hufunika ardhi mapema ukipandwa karibu karibu. Baada ya kumwagilia, tandaza maganda ya kahawa au majani makavu ya migomba kwa unene wa vidole vitatu, ukiacha shingo za matunguu wazi. Ufagio wa uani usifike hapo tena.

Katika miezi ya mvua palizi nyepesi ya mkono inatosha. Samadi iliyolowekwa kwenye ndoo kwa wiki moja, kisha kuzimuliwa kwa maji hadi iwe na rangi ya chai nyepesi, inaweza kumwagwa mara moja kila baada ya wiki tatu.

Kiangazi ndicho kinachotaka uangalifu, na hapa ndipo wema wa mwenye bustani unapoyanyima maua nafasi. Mtu anayemwagilia kila jioni mwaka mzima hupata majani ya kupendeza na ua moja la bahati. Kuanzia katikati ya Januari, na tena kuanzia mwezi Julai, punguza maji kwa wiki tatu au nne, na uache mbolea kabisa. Majani yatapoteza mng'ao na kulegea kidogo, nayo ndiyo dalili unayoitaka. Hayatakiwi kukauka, kwa sababu mmea huu hauangushi majani yote kama lile ua jekundu la porini, kwa hiyo jani likianza kuwa njano kwenye ncha, mpe maji kidogo. Mvua zikianza, au ukichoka kuzingoja, mwagilia hadi maji yafike chini ya mizizi na urudishe maji ya samadi. Mabua hutokeza wiki kadhaa baadaye. Kwa wakazi wa Gulu na Lira, ambako mvua huja katika msimu mmoja mrefu, pumziko ni lile moja la Desemba hadi Februari, na kiangazi chake ni kikali kiasi kwamba kitalu kitahitaji maji kidogo kila wiki ili majani yasife. Kabale na Kisoro usiku huwa na baridi isiyolipendeza yungiyungi hili, na huko ningelipanda kwenye chungu barazani, karibu na ukuta.

Konokono hutafuna mabua machanga usiku, na dawa ya uhakika ni kuwaokota kwa tochi. Wadudu weupe wanaofanana na pamba hujificha kwenye mashina ya majani, nao huondolewa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni. Ukiona mabaka mekundu kwenye majani na mabua, huo ni ugonjwa wa kuvu: kata sehemu hizo, zichome, na umwagilie chini bila kulowesha majani. Jambo moja zaidi ni la usalama. Matunguu haya hufanana na vitunguu vya jikoni na yana sumu inayosababisha kutapika, hivyo yasihifadhiwe jikoni kamwe, na mbuzi pamoja na watoto wadogo wasiachwe kitaluni.

Maua yakatwe kwa kisu asubuhi, ua la kwanza linapofunguka, na hayo hudumu siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Ni mazuri sana kwa meza ya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Mmea wenyewe usiusumbue kwa miaka mitatu au minne. Kichaka kitakapoanza kusukuma matunguu juu ya udongo na maua kupungua, kifukue baada ya msimu wa maua kwisha, mwanzoni mwa mvua zinazofuata, na uyatenganishe matunguu kwa mkono bila kukata mizizi minene. Makubwa yarudi kitaluni siku hiyo hiyo. Yale madogo ya ukubwa wa kidole gumba yakuzwe kwanza kwenye mifuko kivulini, kwani hayatatoa maua hadi yanenepe, na mbegu usizitarajie, kwa sababu aina inayouzwa kwa kawaida haizai mbegu.