Pima pH baada ya kuchanganya mbolea, si kabla

Kwa wanaopanda nyanya au hoho kwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi unaotumika badala ya udongo): changanya mbolea yote kwenye maji kwanza, koroga, subiri kama dakika 15, ndipo upime pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) na kuirekebisha hadi 5.8–6.2. Mbolea nyingi hushusha pH zenyewe, kwa hiyo ukitia asidi kwenye maji matupu utazidisha. pH ikipita 6.5, mmea haupati madini ya chuma vizuri. Majani machanga huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi hapo huongeza mbolea, kumbe wanarundika chumvi tu. Maji magumu ya kisima ni kesi nyingine: bikaboneti (chumvi ya asili kwenye maji hayo inayopunguza asidi) huipandisha pH tena tangi likilala, basi pima upya asubuhi kabla ya kumwagilia.