Usanifu wa hifadhidata na SQL ya ngazi ya juu chuoni: kadiria kwanza, ndipo uendeshe

Katika kozi ya kwanza ya hifadhidata, swali la SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata) likiendeshwa bila kuleta kosa, kazi imekwisha. Katika kozi ya juu mambo hugeuka: swali linakubalika, majibu yanatoka yamepangika vizuri, na bado si ya kweli. Ndiyo maana zoea la kwanza la kujenga ni hili: kabla ya kuendesha swali lolote, andika pembeni unatarajia mistari mingapi na kwa nini. Idadi ikitofautiana na makadirio yako, hapo ndipo pa kujifunza.

Andaa uwanja wa mazoezi. PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, ni ya bure na inatosha. Usijaze data kwa mkono, maana jedwali la mistari 50 hujibu upesi hata likiwa limesanifiwa ovyo. Unda majedwali ya mwanafunzi, kozi, usajili na malipo, kisha uyajaze kwa generate_series, inayozalisha mfululizo wa namba. Weka wanafunzi 100,000 na kozi 500, kisha:

INSERT INTO usajili (mwanafunzi, kozi)
SELECT s, 1 + floor(500 * random() * random())::int
FROM generate_series(1, 100000) AS s, generate_series(1, 20)
ON CONFLICT DO NOTHING;

Kuzidisha random() kwa random() hufanya kozi zenye namba ndogo zijae kuliko nyingine, jambo linalofanana na data halisi. Ufunguo mkuu wa usajili (safuwima zinazotambulisha mstari mmoja tu) uwe (mwanafunzi, kozi). Jozi zinazojirudia zitarukwa, kwa hiyo mistari itapungua kidogo kutoka 2,000,000. Maliza kwa amri ya ANALYZE, ili mfumo ukusanye takwimu za data.

Kwenye usanifu, usikimbilie kuchora visanduku na mishale. Andika kwanza sentensi za utegemezi: "nikijua namba ya mwanafunzi, najua jina lake". Kisha chagua kundi la safuwima na uorodheshe kila unachoweza kukijua kutokana nalo, hatua kwa hatua, hadi orodha isiongezeke. Kundi linalofikia safuwima zote, na ambalo ukiliondolea safuwima yoyote halizifikii tena, ni ufunguo. Wanafunzi wengi hubahatisha funguo kwa kuangalia majina ya safuwima, na alama nyingi za mtihani hupotelea hapo.

Mfano unaostahili muda ni jedwali la (mwanafunzi, kozi, mhadhiri), ambamo kila mhadhiri hufundisha kozi moja tu, na mwanafunzi ana mhadhiri mmoja kwa kila kozi. Jedwali hili limetimiza umbo la kawaida la tatu (3NF, moja ya ngazi za kupunguza marudio), lakini si lile la Boyce na Codd (BCNF), linalotaka kila kinachoamua safuwima nyingine kiwe na ufunguo ndani yake, kwa sababu mhadhiri anaamua kozi ilhali si ufunguo. Ukiligawa kuwa (mhadhiri, kozi) na (mwanafunzi, mhadhiri), marudio yanakwisha. Hata hivyo, hakuna tena ufunguo wa kumzuia mwanafunzi kuwa na wahadhiri wawili wa kozi moja. Yaani kugawa zaidi si lazima kuwe bora. Eleza kanuni ipi unailinda na ipi unaiachia, na usiishie kutaja jina la umbo.

Sasa maswali. Kosa lenye madhara makubwa ni kuunganisha matawi mawili yanayotoka kwenye shina moja. Mwanafunzi mwenye usajili 20 na malipo 3 hutoa mistari 60 ukiunganisha vyote kwa JOIN, na SUM ya malipo inakuwa mara 20 ya ukweli. SUM(DISTINCT kiasi) si dawa: malipo mawili ya kiasi kilekile yatahesabiwa kama moja. Jumlisha malipo kwa kila mwanafunzi ndani ya WITH (swali dogo linalopewa jina), hesabu kozi katika sehemu ya pili ya WITH hiyohiyo, ndipo uunganishe. Kila upande utakuwa na mstari mmoja kwa mwanafunzi.

Mitego mingine ni mifupi. Sharti la jedwali la kulia likiwekwa kwenye WHERE, kwa kawaida LEFT JOIN (inayobakiza mistari yote ya kushoto) hugeuka JOIN ya kawaida. Lihamishie kwenye ON. NOT IN ikikutana na NULL (thamani isiyojulikana) hata moja katika orodha yake, hairudishi mstari wowote. Tumia NOT EXISTS. Na SUM() OVER (ORDER BY tarehe), yaani jumla inayokua kwa tarehe, huruka kwa pamoja penye tarehe zinazofanana, hadi utakapoandika ROWS UNBOUNDED PRECEDING.

Swali likiwa sahihi lakini zito, tumia EXPLAIN ANALYZE, inayoendesha swali na kuonyesha hatua zake. Linganisha mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana, ukianzia hatua za ndani kabisa. Penye loops (mizunguko ya hatua) zaidi ya moja, idadi zote mbili ni za mzunguko mmoja, na ile halisi ni wastani; zilinganishe jinsi zilivyo, na uzidishe kwa loops ukitaka jumla. Pengo kubwa huashiria takwimu zilizochakaa, au safuwima zinazotegemeana ambazo mfumo umezichukulia kuwa huru; kwa hizi za pili kuna CREATE STATISTICS. Tahadhari: EXPLAIN ANALYZE ya DELETE hufuta kweli. Izungushie BEGIN na ROLLBACK ili ufutaji utenguliwe.

Faharasa (index, orodha ya kutafutia mistari upesi) ya ufunguo mkuu (mwanafunzi, kozi) humtafuta mwanafunzi upesi, lakini haisaidii sana kupata wanafunzi wa kozi moja. PostgreSQL haitengenezi yenyewe faharasa ya ufunguo wa kigeni (safuwima inayorejelea jedwali jingine), kwa hiyo ongeza ya kozi mwenyewe. Vilevile, lower(jina) katika WHERE haitumii faharasa ya jina. Inahitaji faharasa ya lower(jina).

Miamala (makundi ya amri yanayofaulu au kushindwa kwa pamoja) haieleweki kwa kusoma tu. Fungua madirisha mawili ya psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), na uchukue kozi iliyobakiwa na nafasi moja. Kila dirisha lianze BEGIN, lihesabu waliosajiliwa, liingize mmoja, kisha COMMIT, hatua zikipishana ili yote mawili yahesabu kabla lolote halijafanya COMMIT. Katika READ COMMITTED, kiwango cha utengano wa miamala kinachotumika usipochagua kingine, wote wawili huingia. Katika REPEATABLE READ pia huingia, na hapo wengi hushangaa. SERIALIZABLE humkataa mmoja kwa kosa 40001. Njia nyingine ni kubaki READ COMMITTED na kufunga mstari wa kozi kwa SELECT ... FOR UPDATE kabla ya kuhesabu. Ukichagua SERIALIZABLE, programu yako lazima irudie muamala mzima kuanzia kwenye kuhesabu, si INSERT peke yake.