Nani aanze namba moja: jinsi ya kubishana bila kuivunja timu

Timu yetu ya kikapu hapa Mtwara ina vijana wawili wanaogombea namba moja, yaani pointi gadi, anayepandisha mpira na kugawa pasi. Mmoja anatoka Ligula, mwingine Chuno. Mazoezi yakiisha jioni mashabiki hukaa ukingoni mwa kiwanja na ming'oko yao ya pilipili, vile viazi pori vyetu, kambi mbili, ubishi mpaka giza linaingia. Mimi ndiye dada wa daftari. Mchana nina mashine ya fotokopi karibu na soko, jioni naandika pointi, faulo na mipira iliyopotea. Hoja zote zinapita masikioni mwangu, na nyingi hazina kichwa wala miguu. Utaratibu ufuatao ndio unaotusaidia kuamua, na mwenye timu Lindi, Masasi au Nachingwea anaweza kuuchukua.

Kwanza badilisheni swali. "Nani mkali?" ni swali la kijiweni. Wa Ligula ni mkali, hakuna anayebisha: mrefu, ana leiyapu ya mkono wowote, ule mpira wa kufunga ukikimbilia ringi, na akimpita mtu watoto waliokaa juu ya ukuta wanapiga mayowe. Swali la timu ni hili: mpira ukiwa mikononi mwake, wenzake wanne wanachezaje? Pointi gadi ni mpakuaji wa pilau kwenye shughuli, hakuna anayemsifu kwa sahani aliyojipakulia mwenyewe.

Kisha pimeni kwa haki. Kosa ninaloliona kwenye timu nyingi ni kumpa kijana mmoja kikosi cha kwanza, mwingine kikosi cha pili, halafu kuwalinganisha. Hapo mmepima wenzao, hamjawapima wao. Toeni watu wanane wasiobadilika, wanne huku na wanne kule. Wa Ligula aongoze upande huu na wa Chuno ule kwa dakika tano, kisha wabadilishane pande, dakika tano tena. Rudieni mazoezi yanayofuata, na yanayofuata. Siku moja haitoshi, maana kijana anaweza kuja amelala njaa au ametoka kubeba mizigo.

Mwenye daftari aandike mambo machache tu. Ukitaka kuandika kila kitu utaishia kutazama kalamu. Mimi naanza na pointi tulizofunga na tulizofungwa kijana akiwa ndani. Tuseme kwa wa kwanza upande wake umefunga 12 na kufungwa 9, kwa wa pili umefunga 8 na kufungwa 3. Kambi ya wa kwanza itashangilia zile 12. Lakini tofauti yake ni 3, na ya mwenzake ni 5. Nimeona watu wazima wakikasirikia hesabu hii kana kwamba nimeitunga mimi.

Baada ya hapo naandika mipira iliyopotea, na mahali ilipopotelea. Mpira uliopotea kwenye pasi ya hatari karibu na ringi ya mpinzani una nafuu, timu inapata muda wa kurudi kukaba. Uliopotea kabla ya kuvuka nusu ni pointi mbili za bure kwa wapinzani. Sheria inatoa sekunde 8 kuvuka nusu na 24 kutafuta kikapu, kwa hiyo kijana anayevuka kwenye ya 7 kila mara ameshakula karibu theluthi ya muda wa wenzake kabla shambulizi halijaanza.

Jambo la mwisho haliandikwi kwa namba. Tazameni miguu ya namba tano, yule mrefu anayecheza chini ya ringi. Akijua pasi itakuja, anakimbia mpaka chini ya ringi hata kama amechoka, anageuka, ananyoosha mkono juu. Akijua haitakuja, anaishia kwenye mstari wa pointi tatu na kushika kiuno. Namba tano wetu ni mpole, hawezi kumsema mtu, lakini miguu yake imeshatoa hukumu. Wa Chuno akiwa na mpira, jamaa anakimbia. Akishika wa Ligula, anatembea. Nilimwonyesha kocha jambo hilo pembeni, bila kelele, naye akakaa mazoezi mazima akiangalia miguu tu.

Msisahau presi ya uwanja mzima. Wekeni wakabaji wawili wamfuate kijana tangu mpira unapoingizwa, mmoja amsukume upande wa mkono wake dhaifu. Hapo ndipo chenga za kupendeza zinapojulikana kama zina kazi. Angalia macho: anayeinamia mpira hamuoni mwenzake aliye wazi. Wa Chuno ni mfupi, shuti lake la mbali si la kutegemea, ila anadunda huku anaangalia mbele, na akibanwa anatoa pasi mapema kabla mtego haujafunga. Wa Ligula anajaribu kuwapita wote wawili. Mara nyingine anafanikiwa, na mara hizo ndizo mashabiki wanazozikumbuka.

Na sisi watu wa pwani tuna kipimo chetu, upepo. Kiwanja chetu kiko wazi upande wa bahari, na miezi ya kusi mpira unaorushwa kutoka mita 6.75 unaweza kuhama ukiwa hewani. Namba moja anayetegemea pointi tatu hapo ataumbuka. Anayejua kuingia ndani, kuvuta wakabaji na kutoa pasi fupi ya kudunda chini anavuna. Mkicheza kwenye ukumbi, kifuteni kipimo hiki.

Kwenye ubishi wa kikapu hakosekani wa kuleta mfano wa NBA, ligi ya Marekani. Mruhusuni, ila mfano uwe kamili. Mwaka 2009, timu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, katika uchaguzi uleule ambao Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichukuliwa wa 2 na Memphis Grizzlies, Minnesota Timberwolves walichagua pointi gadi wawili mfululizo, Ricky Rubio wa 5 na Jonny Flynn wa 6. Wa 7 alikuwa Stephen Curry, akaenda Golden State Warriors. Huko alimkuta Monta Ellis, mfungaji kipenzi cha mashabiki, na wote wawili walikuwa wafupi na walitaka mpira. Machi 2012 timu ikamtoa Ellis kwenda Milwaukee Bucks, ikabaki na Curry aliyekuwa akisumbuliwa na kifundo cha mguu. Mashabiki wakamzomea mmiliki wa timu uwanjani. Curry huyohuyo ndiye aliyekuja kuwapa ubingwa. Leo nani anakumbuka kwamba aliyekuwa akifunga zaidi ndiye aliyeondoka? Mtu akikuambia "lakini huyu anafunga", msimulie hayo, kisha mrudishe kwenye daftari.

Sasa sehemu ngumu, nayo haihusu mpira. Ikifika Oktoba korosho zikaanza kuuzwa, wafadhili wanaongezeka: huyu analipa nauli ya timu, yule ananunua jezi. Nao wana watoto. Mjomba mmoja alikuja kunikuta dukani kwangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ndiye unayemkalisha kijana wangu benchi."

"Mimi naandika tu, mjomba. Karibu ukae, daftari hili hapa."

"Mambo ya daftari mimi siyajui. Kijana anafunga!"

"Anafunga kweli. Sasa tuhesabu na wanaofunga upande anaotakiwa kukaba."

Tulihesabu pamoja, kidole chake kikiwa kwenye karatasi. Hakufurahi, lakini hakurudi tena kwa shari, na nauli alitoa. Mfadhili mpeni heshima yake na kiti cha mbele, mwonyesheni kurasa. Kikosi asipange. Na kocha asimtupie mwandishi wa daftari mzigo wa kujibu peke yake, kama nilivyotupiwa siku ile.

Vijana wenyewe waambiwe na kocha kabla ya siku ya mechi, kila mmoja peke yake. Kusomewa orodha mbele ya watu ukiwa umeshavaa jezi kunaumiza bila faida. Anayetokea benchi apewe kazi inayoeleweka. "Mdogo wangu, utaingia robo ya pili wakiwa wamechoka, uwakimbize" ni tofauti kabisa na "subiri zamu yako". Akinuna, mtajieni Manu Ginobili wa San Antonio Spurs. Mwaka 2008 alitwaa tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi, na 2022 akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa kikapu. Tena mwambieni kuanza si kumaliza. Mchezaji anatolewa kwa faulo 5, na vijana wana mikono myepesi, kwa hiyo dakika za mwisho aliyeanza anaweza kuwa ameshakaa chini.

Mkishaamua, fungeni mjadala kwa mechi kadhaa. Kijana anayejua kwamba pasi moja mbovu itamtoa anacheza kwa woga, na woga unaonekana kwenye zile sekunde 8. Ufunguliwe tu kukiwa na sababu: mtu kaumia, kidato cha nne wameingia kwenye mitihani Novemba, au mpinzani anataka mbinu nyingine.

Kwetu ameanza wa Chuno. Ila Jumamosi tunacheza na timu inayokaba kwa zoni, kila mtu analinda eneo lake, vijana warefu wawili mbele, na wa Chuno haoni juu ya mikono yao. Wa Ligula anaona. Kocha ameshazungumza nao wote wawili, Jumamosi anaanza wa Ligula. Mjomba akidhani nauli yake ndiyo iliyofanya kazi, mwacheni adhani hivyo mpaka mechi iishe.