Kampuni ya umeme ikitaka kujijengea mtambo, anza dosie kutoka nyuma

Vijana wanaoletwa kwangu hapa Lubumbashi kujifunza kukagua madosie ya umeme, yaani majalada ya maombi ya kujenga mitambo, wote hufungua ukurasa wa kwanza. Huko kuna picha ya bwawa na ahadi ya kumaliza giza. Nawaambia: mdogo wangu, geuza, anzia kwenye viambatisho. Mama wa Katuba, mtaa wa hapa kwetu, halipishwi na picha, analipishwa na jedwali.

Kampuni inayosambaza umeme ikitaka kumiliki na mtambo, mnunuzi na muuzaji wamekuwa mtu mmoja. Kwa hiyo usipoteze siku ukiuliza kama umeme unahitajika. Nani hapa atakujibu hapana? Uliza nani aliamua kwamba mtambo wake mwenyewe ndio nafuu, na aliulinganisha na nini. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji. Hesabu isipokuwepo, andika "haijathibitishwa", usimfanyie kazi yake. Na wasikuambie hakuna mwingine wa kujenga: sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliwafungulia mlango wazalishaji wengine zaidi ya SNEL, shirika la umeme la serikali ya Kongo.

Sasa shika kalamu. Mfano huu nimeutunga mwenyewe. Mtambo wa maji wa megawati 100 unagharimu dola milioni 24 kwa mwaka. Dosie inasema utatoa nusu ya uwezo wake, yaani megawati-saa 438,000, kila moja dola 55 hivi. Mshindani aliyetaka kuuza wake kwa dola 65 amekataliwa. Tafuta vipimo vya mto: ni vya miaka mingapi, na vinasemaje kuhusu Septemba, wakati sisi huku tumekaa miezi bila mvua? Nusu ile ikishuka kuwa asilimia 35, unabaki na megawati-saa 306,600, na bei inaruka hadi dola 78. Namba moja tu imegeuza mshindi.

Baada ya mto, laini ya kusafirisha umeme. Niliwahi kukuta dosie ambamo mshindani alibebeshwa gharama ya laini hadi kituo cha kupozea umeme, ila mtambo wa mwombaji haukubebeshwa, eti laini yake "ni sehemu ya mtandao". Maneno hayo yalikuwa chini ya jedwali, kwa herufi za kuumiza macho. Niliyaona kwa tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika.

Kuhusu zabuni, Wamarekani wana kipimo kizuri cha kuazima. Mwaka 2004 tume yao ya shirikisho ya nishati, FERC, katika shauri la Allegheny, iliweka mambo manne ya kupima kampuni inayonunua umeme kwa kampuni ndugu yake: uwazi, maelezo kamili ya kinachonunuliwa, tathmini ya haki kwa wote, na msimamizi wa nje. Mimi huanza na la nne. Aliyeandika masharti ya zabuni akiwa ndiye mshindi, matatu mengine ni mapambo.

Halafu hasara. Kwa kina Duquesne Light, kampuni ya umeme ya Pennsylvania, pesa zilikwenda kwenye mitambo ya nyuklia ambayo haikujengwa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema katiba haimkatazi mdhibiti kukataa kuwalipisha wateja gharama hizo, hata kama zilitumika kwa busara. Hiyo si sheria yetu, lakini swali lake liulize mapema: mtambo ukikwama, nani analipa?

Ukikubali ombi, kikomo cha gharama kiandike ndani ya uamuzi wenyewe. Barua za pembeni nimeziona zikipotea.