Usishushe Rangi kwa Rimoti: Namna ya Kutazama Fury Road ya Nyeusi na Nyeupe Nyumbani

Wateja wanaojua kwamba napenda sinema huniuliza swali moja, mara nyingi wakiwa bado wamesimama mlangoni na TV mikononi: "Fundi, hiyo Fury Road isiyo na rangi si ni ile ile tu? Si nashusha rangi kwa rimoti, basi?" Hapana, siyo basi. Nina kibanda cha kutengeneza TV hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi yangu ya kila siku ni kufungua vioo na kubadilisha taa, na hili toleo nalipenda kiasi kwamba inaniuma mtu akilitazama vibaya halafu aseme halina lolote. Kwa hiyo nitaeleza yote, kuanzia faili mpaka blanketi.

Tuelewane kwanza ni picha ipi. Mad Max: Fury Road ya mwongozaji George Miller ilitoka mwaka 2015 ikiwa na rangi kali mno: mchanga wa rangi ya chungwa, anga ya bluu iliyokolea, moto kila kona. Sehemu kubwa ilipigwa Namibia, kwenye jangwa la Namib, kwa sababu jangwa la Australia walilokuwa wamelikusudia lilipata mvua nyingi likachanua maua. Ikanyakua Oscar 6. Mwaka 2016 Miller akaitoa tena filamu ile ile bila rangi, akaiita Black & Chrome. Wazo lenyewe alikuwa nalo siku nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa kwenye kazi ya Mad Max ya pili, aliiona kwa nakala ya nyeusi na nyeupe, ile ya bei rahisi waliyopewa watu wa muziki waifanyie kazi, na akaona hiyo ndiyo iliyopendeza kuliko nyingine zote.

Sasa turudi kwenye rimoti. Picha inapoingia kwenye TV huja na vitu viwili: mwanga na rangi. Ukishusha rangi hadi sifuri unabaki na mwanga peke yake, na hesabu ya mwanga huo ilishapangwa video ilipotengenezwa, kabla haijafika kwenye TV yako: kijani huchangia takribani asilimia 72, nyekundu 21, bluu 7. Kwa hiyo rangi mbili zinazotofautiana kabisa machoni, zikiwa na mwanga unaolingana, hugeuka kijivu kimoja. Waliokuwepo wakati wa zile TV ndogo za nyeusi na nyeupe, zilizowashwa kwa betri ya gari, watanielewa haraka. Matangazo yalikuwa ya rangi, TV ndiyo iliyoitupa rangi. Simba na Yanga wakicheza, jezi nyekundu na kijani kile kilichokolea vilikaribiana mno, ukabaki kumtegemea mtangazaji kujua mpira uko kwa nani.

Ndicho kinachotokea ukishusha rangi ya Fury Road mwenyewe. Gari lililojitenga vizuri na mchanga linazama kwenye mchanga. Uso uliong'aa kwa sababu ya rangi ya ngozi unakuwa bapa. Kwa Black & Chrome, Miller na mtaalamu wake wa rangi, Eric Whipp, waliipitia filamu upya kwa ajili ya nyeusi na nyeupe: hapa weupe uongezwe, pale weusi uzame, huku uso utolewe mbele ya moshi. Kazi hiyo rimoti haiwezi kukufanyia.

Basi tafuta toleo lenyewe. Hakikisha jina lina maneno Black & Chrome, kwa sababu ukilipia Fury Road tu utapata ya rangi. Kama unaishusha kwenye duka la mtandaoni, tumia bando la usiku na uchague ubora wa juu kabisa unaoweza kumudu. Nasisitiza hilo kwa sababu ya kiufundi. Rangi ikiondoka, kila kitu kinabebwa na ngazi za kijivu, na kwenye video ya kawaida ngazi hizo ni 220 hivi, kutoka weusi hadi weupe. Faili lililobanwa sana huzila. Utaona anga ya jangwani imekatika mistari mistari badala ya kufifia taratibu, na kwenye giza vinatokea vijisanduku vinavyocheza cheza. Kwenye rangi macho huvisamehe, kwenye kijivu havifichiki.

Kabla ya kugusa menyu, ikague TV yenyewe, maana picha isiyo na rangi huanika kila ugonjwa. Weka ukurasa mweupe mtupu. Ukiona madoa meupe ya duara yaliyopangika, ni lenzi ndogo za plastiki zilizobandikwa juu ya taa za LED nyuma ya kioo, zimebanduka. Ukiona weupe umeingia ubluu au uzambarau, taa zimechoka: ule unga wa njano unaogeuza mwanga wa bluu kuwa mweupe umekwisha. Yote mawili yanatengenezeka kwa kubadilisha taa, tena zibadilishwe zote kwa pamoja. Ukibadilisha moja moja utapata kioo chenye mabaka.

Mwenye TV ya chogo asijione mnyonge. Chogo kwenye chumba chenye giza hutoa weusi mzuri kuliko flati nyingi za bei nafuu ninazoziona hapa kibandani. Ondoa tu spika ya sabufa karibu yake, kwa sababu sumaku ya spika hupaka kona ya kioo kijani au zambarau, kisha izime, iache ipoe, uiwashe tena. Ule mvumo wa sekunde moja unaousikia ikiwaka ndiyo inajisafisha na sumaku. Picha itakuwa mkanda mwembamba katikati, kwa hiyo vuta kiti karibu, na usikubali kuinyoosha ijaze kioo.

Tuingie kwenye menyu. Anza na aina ya picha: chagua "Movie" au "Cinema". Ile "Dynamic" au "Vivid" inayokuja ikiwa imewekwa ni ya kuvutia wateja dukani. Halafu joto la rangi, "Colour Temperature": weka "Warm". Mtu atasema, joto la rangi lina kazi gani kwenye picha isiyo na rangi? Kazi yake hapo ni kubwa kuliko mahali popote. TV nyingi huja zimeegemea bluu, na kijivu chenye ubluu huwafanya watu wote waonekane wagonjwa. Ukiweka "Warm", dakika chache za kwanza utaona kama njano, kisha macho yatazoea, na ukijaribu kurudi kwenye "Cool" utashangaa uliivumiliaje.

"Sharpness" ishushe karibu na chini kabisa. Ikiwa juu, kila ukingo wa gari unapata mstari mweupe wa bandia. Zima pia chochote chenye neno "Motion", pamoja na kile cha kubadilisha kontrasti chenyewe na kile cha kubana umeme kinachopunguza mwanga kila tukio la giza linapofika. Hiyo ya "Motion" ni muhimu mno kwa filamu hii. Filamu huenda picha 24 kwa sekunde, na Miller aliharakisha baadhi ya vipande kwa makusudi. TV ikianza kujaza picha zake katikati inakuharibia mwendo ambao mhariri, Margaret Sixel, aliupanga kipande kwa kipande.

Baada ya hapo ni weusi na weupe, na hapa tumia filamu yenyewe kama kipimo. Simamisha mahali wanapoonekana wale vijana wa vita, askari wa mtawala wa jangwa lile, waliojipaka unga mweupe mwili mzima. Shusha "Contrast" mpaka uone mbavu, misuli na nyufa za ule unga. Wakiwa wameungua kuwa weupe mtupu, bado iko juu. Kisha tafuta koti la ngozi la Max, shujaa wa filamu, au paji la uso la Furiosa, yule mwanamke dereva wa lori, alipojipaka grisi nyeusi. "Brightness" iwe mahali ambapo mikunjo ya koti inaonekana kwa shida kidogo, na ukingo wa ile grisi unaliacha jicho likiwa jicho. Zile pande nyeusi juu na chini ya picha ni kipimo kingine: zikionekana kijivu cha moshi, shusha.

Ukitumia kompyuta kwa waya wa HDMI na weusi ukagoma kuwa mweusi hata ufanyeje, kosa haliko kwenye "Brightness". Kompyuta na TV hazijakubaliana weusi unaanzia wapi. Ingia kwenye mipangilio ya HDMI upande wa TV, tafuta "Black Level", ubadilishe kutoka ilipo kwenda nyingine. Tatizo hili peke yake limeniletea watu waliokuwa tayari kununua TV mpya.

Chumba. Tazama usiku. Pazia liwe zito, taa ya dari izimwe, na kama giza totoro linakuumiza macho weka taa ndogo nyuma ya TV isiyoonekana kwenye kioo. Sisi wa nyanda za juu tuna neema hapa: kuanzia Juni hadi Agosti, Uyole, Tukuyu au kule Makete saa moja jioni kila mtu yuko ndani, madirisha yamefungwa. Ila nawaomba sana, ndugu zangu, msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga dirisha ili mtazame picha. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa wamelala kwenye makochi. Ota moto nje mpaka utosheke, kisha ingia na blanketi na chupa ya chai.

Sauti usiisahau. Filamu ina mazungumzo machache, na injini na ngoma ndizo zinazosimulia nusu ya habari. Hata bibi yangu asiyejua Kiingereza aliifuata bila kuuliza. Ukiweka maandishi ya chini, yafanye madogo na ya kijivu ikiwezekana, kwa sababu maandishi meupe yanakuwa kitu chenye mwanga kuliko vyote na jicho litakimbilia hapo.

Cha kuangalia? Nyuso. Kwenye toleo la rangi mchanga ule wa chungwa unapiga kelele, macho yako hayatulii. Hapa Charlize Theron, anayeigiza Furiosa, anasema kila kitu kwa macho, na unamwona. Kwa vile John Seale, aliyeshika kamera, aliweka jambo kuu katikati ya picha karibu kila mara, huna haja ya kukimbizana na kioo, tuliza macho katikati. Angalia dhoruba ya mchanga: radi inakuwa weupe unaopasua kijivu, na magari yanayorushwa juu yanaonekana kama vivuli. Angalia tope la usiku. Tukio lile lilipigwa mchana kwa mwanga wa ziada kisha likapakwa bluu, na bluu ikiondoka linabaki fedha tupu, miti mikavu na kunguru. Angalia wale vijana wanavyojipulizia rangi ya kromu mdomoni kabla ya kujirusha kufa. Kwenye rangi niliona mdomo unaong'aa. Kwenye hii niliona meno, mate, na mtoto wa watu aliyedanganywa.

Kisha kuna pale Furiosa anapotembea peke yake mchangani na kupiga magoti, upepo ukipeperusha mchanga chini chini. Usiguse simu. Kila punje ina mwanga wake na kivuli chake, na ule mkono wake wa bandia wa chuma aliouvua unaonekana una uzito.

Kuna vinavyopotea, na lazima niseme. Moto unapoteza ukali, hasa yule mpiga gitaa anayetoa miali: kwenye rangi nguo yake nyekundu inakuita kutoka mbali, hapa anamezwa kidogo na moshi. Mimea ya kijani juu ya ngome ya mtawala, ambayo kwenye jangwa lile ndiyo uhai wenyewe, inakuwa majani tu. Ndiyo maana namshauri ambaye hajaiona kabisa aanze na ya rangi, apumzike hata wiki mbili, ndipo aje kwenye hii.

Ukishaipenda, zipo nyingine. Logan ya James Mangold ya 2017 ina toleo lake la nyeusi na nyeupe, liitwalo Noir. Filamu ya Furiosa ya 2024 nayo ina Black & Chrome yake. Mimi ningekupeleka kwanza kwa Godzilla Minus One, iliyotolewa tena Januari 2024 bila rangi, kwa sababu hadithi yake ni ya Japani baada ya vita, na Godzilla wa kwanza kabisa, wa 1954, alikuwa wa nyeusi na nyeupe.

Mwisho, mipangilio hii ihifadhi kwenye "Movie" peke yake, na ile nyingine iache kama ilivyo kwa ajili ya mpira. Jumamosi watoto wakitaka mechi wabadilishe kwa kitufe kimoja, na picha yako ya usiku utaikuta kama ulivyoiacha.