Namna ya Kuoanisha Miji ya Marekani na Majina ya Kanda Yanayotumiwa na Watu

Anayetafuta faili moja la serikali litakalomwonyesha kwamba miji ya Oakland na Palo Alto yote imo katika Bay Area, yaani kanda inayoizunguka ghuba ya San Francisco huko California, atatafuta sana asilipate, kwa kuwa jina hilo limezoeleka midomoni mwa watu lakini halimo katika takwimu rasmi. Kinachopatikana, tena bure, ni orodha ya maeneo ya kitakwimu (kaunti zilizokusanywa pamoja kuzunguka mji mkubwa) ambayo hupangwa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti na kuwekwa kwenye tovuti ya Idara ya Sensa. Anza na toleo la Julai 2023.

Orodha hiyo hupanga kaunti, si miji. Kwa hiyo pakua pia faili la Idara ya Sensa linalotaja kila mji na kaunti yake, kisha unganisha majedwali hayo mawili kwa msimbo wa kaunti wenye tarakimu tano, yaani mbili za jimbo na tatu za kaunti yenyewe. Hapa ndipo wengi hukwama. Oakland iko katika kaunti ya Alameda, ambayo msimbo wake ni 06001, lakini programu ya lahajedwali huichukulia kuwa namba ya kawaida na kuidondosha sifuri ya mbele, ikabaki 6001 isiyooana na chochote. Iambie programu isome safu hiyo kama maandishi kabla hujafungua faili.

Ukishaunganisha, Oakland itaangukia eneo la San Francisco, na Palo Alto, iliyo kaunti ya Santa Clara, itaangukia eneo la San Jose. Unaweza kupanda ngazi hadi eneo unganishi linaloyakusanya yote mawili, ila humo utaikuta pia Stockton, ambayo kwa kawaida haihesabiwi kuwa Bay Area. Kwa maoni yangu, ni afadhali uandike mwenyewe jedwali dogo la majina ya mazoea: kaunti tisa zinazoizunguka ghuba ziandikie Bay Area, na eneo la Minneapolis na St. Paul liandikie Twin Cities. Kazi hiyo haimalizi alasiri.

Jihadhari na Connecticut: toleo la 2023 linatumia kanda za mipango badala ya kaunti zake za zamani, hivyo faili la miji la mwaka 2020 halitaoana nalo, na miji yote ya jimbo hilo itabaki bila eneo.